Anayetunza msitu apewe haki yake

Jioni inapoingia Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mikumi na Makuti, moshi mwembamba hupanda kutoka uani na vibarazani. Mama lishe huchochea jiko lake kando ya barabara, na muuza mkaa hupima bidhaa yake kwa kopo na kwa ndoo, kwa kuwa wateja wake wengi hawana uwezo wa kununua gunia zima kwa mara moja. Karibu kila mnunuzi anaijua bei ya kopo la leo na ya kopo la mwezi uliopita. Ni wachache wanaojua mkaa huo umetoka kijiji gani. Na ni wachache zaidi waliowahi kujiuliza kijiji hicho kilibaki na nini baada ya lori kuondoka.

Swali hilo linastahili kuulizwa hapo hapo Magomeni. Katika kitongoji hicho, Mtaa wa Ifunda, ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya 1950, alipokuwa ameacha kazi ya ualimu Pugu ili ashughulikie harakati za uhuru. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilitoa tahadhari ambayo haijazeeka hata kidogo: kwamba unyonyaji haufanywi na bepari peke yake, bali hata miji inaweza kumnyonya mwananchi wa kijijini, ikiwa anasa na huduma za mjini zitalipiwa kwa jasho la shamba. Tahadhari hiyo ililenga zaidi mazao ya kilimo. Leo hapana budi isomwe upya kwa ajili ya zao jingine, ambalo halina bodi ya mazao wala msimu wa ununuzi, nalo ni mkaa.

Ukubwa wa zao hilo haufahamiki vya kutosha. Utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2009 ulikadiria kuwa Tanzania ilikuwa ikitumia tani zipatazo milioni 1 za mkaa kwa mwaka, na kwamba karibu nusu yake iliishia Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za jiji hilo zilizokuwa zikipikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi asilimia 71. Biashara yote ilikadiriwa kuchangia dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka katika uchumi wa taifa, wakati kahawa ilikadiriwa kuchangia dola milioni 60 na chai dola milioni 45. Serikali, kwa makadirio ya utafiti huo huo, ilikuwa ikipoteza dola zipatazo milioni 100 kila mwaka kwa mapato yasiyokusanywa.

Kahawa ina wataalamu wake, ina vyama vya ushirika, na hutajwa katika kila hotuba ya uchumi. Mkaa, wenye thamani mara kumi ya kahawa, umeachiwa wenye malori na walanguzi. Mchomaji wa mkaa husafirisha usiku kwa kujificha, hana sauti katika kupanga bei, na akikamatwa ni yeye anayelala mahabusu huku tajiri aliyemtuma akilala nyumbani kwake. Hata gunia lenyewe ni ushahidi wa dhuluma hiyo. Hulipiwa kama gunia moja, lakini juu yake hufungwa kilemba cha majani na kamba, na ndani ya kilemba hicho mna mkaa mwingi ambao haukulipiwa ushuru wala haukumlipa aliyeuchoma. Lumbesa inayopigiwa kelele katika magunia ya viazi na vitunguu pale Kariakoo, katika mkaa imekuwa desturi isiyoshangaza mtu.

Matokeo yake juu ya ardhi yanajulikana. Watafiti waliopima misitu ya pwani kati ya mwaka 1991 na 2005 walionyesha kuwa uharibifu ulitoka Dar es Salaam kwa mawimbi: wimbi la wakataji wa mbao za thamani lilisonga mbele kwa kiasi cha kilomita 9 kwa mwaka, na nyuma yake lilifuata wimbi la mkaa kwa kiasi cha kilomita 2 kwa mwaka. Misitu ya karibu, kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi, iliumizwa mapema ingawa ilikuwa hifadhi ya Serikali kwa miaka mingi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, jambo ambalo lilikuwa neema kubwa kwa wananchi wa kusini, magogo ya Rufiji, Kilwa na Liwale nayo yalipata njia ya haraka. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 kuhusu biashara hiyo ya magogo ilieleza kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kuingia Serikali Kuu na halmashauri za wilaya yalikuwa yakipotea. Ikiwa Serikali yenyewe, yenye vizuizi barabarani na vitabu vya stakabadhi, ilipunjwa kiasi hicho, hakuna haja ya kuuliza mwanakijiji alipunjwa kiasi gani.

Dawa iliyozoeleka ni kupiga marufuku. Mwanzoni mwa mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku nchini. Amri hiyo haikudumu, kwa sababu jiji zima haliwezi kuambiwa lisipike. Mkaa haukwisha, bei ndiyo iliyopanda, na faida ya kupanda huko haikwenda msituni. Somo lililopatikana wakati ule ni kwamba amri inayomlenga mchomaji wa mkaa peke yake, bila kumpa njia nyingine ya kuishi na bila kugusa mahitaji ya mjini, humfukarisha mnyonge na kumtajirisha mtoa rushwa.

Njia iliyo bora si ngeni. Imo katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1957. Kwa sheria hiyo, kijiji kinaweza kutenga msitu ulio katika ardhi yake ukawa hifadhi ya msitu wa kijiji, kikaweka mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kikatoza ada na faini, na mapato yakabaki kijijini. Pale ambapo msitu ni wa Serikali, sheria inaruhusu vijiji jirani kuingia mkataba wa kuusimamia kwa pamoja na kugawana faida.

 Wazo hilo lilianzia Duru-Haitemba, wilayani Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuuchukua msitu ule uwe hifadhi yake. Wananchi walipoona kuwa msitu utaondoka mikononi mwao, baadhi yao waliukimbilia na kuukata, kama mtu anayevuna shamba analojua litanyang'anywa kesho. Viongozi wa wilaya na mkoa wakafanya jambo la busara: wakakubali vijiji vinane vinavyouzunguka viusimamie vyenyewe. Vijiji vikagawana mipaka, vikaweka walinzi wa kujitolea, vikakataza uchomaji wa mkaa, na msitu ukaanza kurudi. Wananchi ni wale wale na miti ni ile ile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: msitu huu ni wa nani?

Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vilikwenda hatua moja zaidi kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, mtandao wa wanajamii wa MJUMITA, na fedha kutoka Uswisi. Vijiji hivyo havikukataza mkaa, viliupangia utaratibu. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa mkaa, ikagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyopishana kama viraza vya ubao wa drafti, ili kando ya kila kitalu kinachokatwa kibaki kingine chenye miti. Miti haikung'olewa, visiki viliachwa vichipue, kwa kuwa miti mingi ya miombo huota tena kutoka kwenye kisiki. Kitalu kilichovunwa kilipangiwa kupumzika miaka 24. Miti ya mbao, miti yenye viota, kingo za mito na miteremko mikali havikuguswa. Mchomaji alifundishwa tanuru bora, akapata kibali halali, naye mfanyabiashara alilipa ada katika akaunti ya kijiji kabla ya kupakia. Kutokana na fedha hizo vijiji vilijenga na kukarabati madarasa, vikaboresha huduma za afya na maji, na mkutano mkuu wa kijiji ukawa na jambo la kujadili zaidi ya michango.

Huko Kilwa, msitu wa mpingo umetoa ushahidi kama huo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata hati ya kimataifa inayothibitisha kuwa uvunaji wake hauharibu msitu, ikiwa misitu ya kwanza ya asili inayosimamiwa na wanavijiji kupata hati hiyo barani Afrika. Mpingo, ambao kwa miaka mingi uliondoka kusini kwa bei ya kutupa ili ukatengenezewe zumari za Ulaya, ukaanza kuuzwa na mwenyewe, kwa mkataba na kwa kipimo.

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini utaratibu huu haujaenea nchi nzima? Tathmini ya rasilimali za misitu iliyofanywa nchini kati ya mwaka 2009 na 2014 ilibaini kuwa Tanzania Bara ilikuwa na hekta milioni 48.1 za misitu, na kwamba karibu hekta milioni 22 kati ya hizo zilikuwa katika ardhi za vijiji. Hata hivyo, hadi mwaka 2012, miaka kumi baada ya sheria kupitishwa, misitu iliyokuwa chini ya usimamizi wa vijiji ilikuwa zaidi kidogo ya hekta milioni 2 tu. Maana yake ni kwamba kati ya kila hekta kumi ambazo sheria ingeweza kuzikabidhi, tisa zilibaki bila msimamizi wa kweli. Na msitu usio na msimamizi ndio msitu wa mlanguzi.

Sababu ya kwanza ni gharama na urefu wa safari yenyewe. Kijiji kinatakiwa kiwe na mipaka iliyopimwa, cheti cha ardhi, mpango wa matumizi bora ya ardhi, tathmini ya miti, mpango wa usimamizi, na sheria ndogo zilizopitishwa na halmashauri ya wilaya. Kila hatua inahitaji mtaalamu, gari, mafuta na posho. Kijiji maskini hakina fedha hizo, hivyo hungoja mfadhili. Mfadhili akija, kazi huanza. Akiondoka, jalada hurudi kabatini. Taifa lililojifunza kujitegemea haliwezi kuuacha ulinzi wa nusu ya misitu yake utegemee kalenda ya wafadhili.

Sababu ya pili ni moyo wa kusitasita ndani ya utumishi wenyewe. Sheria ya mwaka 2002 ilitoa madaraka kwa kijiji, lakini kanuni za uvunaji zilizotolewa mwaka 2019 ziliongeza ngazi za vibali na mamlaka ya wilaya, hata kwa msitu uliokwisha kukabidhiwa kijiji. Nia ya kanuni hizo ilikuwa kudhibiti uvunaji holela, na nia hiyo ni njema. Lakini mnunuzi anayelazimika kuzunguka ofisi tatu ili anunue mkaa halali wa kijiji, huku mkaa wa wizi ukipatikana kwa simu moja, hatahitaji kushawishiwa sana kuhusu upande wa kuchagua. Utaratibu unaomchosha mtii wa sheria kuliko mvunja sheria hauwezi kuitwa udhibiti.

Wako watumishi wanaosema kuwa wanavijiji wakiachiwa misitu wataimaliza, na kwamba viongozi wa vijiji nao hula fedha. Hoja hiyo isipuuzwe. Wapo wenyeviti waliouza vibali kwa siri, na zipo kamati za maliasili ambazo hazijawahi kusoma mapato mbele ya mkutano mkuu. Lakini mwizi wa kijijini huonekana na majirani zake, na dawa yake ni mkaguzi wa hesabu na mkutano wa wananchi, si kuvinyang'anya vijiji vyote msitu. Isitoshe, hasara ya asilimia 96 iliyotajwa hapo juu haikutokea mikononi mwa vijiji. Ilitokea wakati vijiji havikuwa na sauti.

Sasa limeingia jambo jipya linaloufanya mjadala huu uwe wa haraka. Mwezi Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na walimu wa shule za bweni wanafahamu vema uzito wa agizo hilo. Mwelekeo huu ni sahihi. Unaokoa macho na mapafu ya akina mama, na unaipunguzia misitu mzigo. Katika maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644, mtungi wa gesi ni kitu cha kawaida.

Lakini kila shilingi inayohama kutoka kwenye kopo la mkaa kwenda kwenye mtungi wa gesi inahama pia kutoka kijijini. Kwa kaya ya Kilosa, Handeni au Kilwa, mkaa ndio hulipa ada ya hospitali, sare ya shule, na chakula mvua zinapokataa. Mkakati unaomtazama mpishi wa mjini peke yake utakuwa umefanya nusu ya kazi. Mchomaji wa mkaa aliyekosa soko hatakaa akiushangilia msitu. Ataufyeka alime ufuta au mahindi, na shamba, tofauti na kitalu cha mkaa kilichopumzishwa, haliachi kisiki kikachipua. Hivyo msitu usio na faida kwa jirani yake huenda ukapotea haraka zaidi kuliko msitu unaovunwa kwa utaratibu.

Wala jiji lisidhani kuwa hasara hiyo itaishia vijijini. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, Dar es Salaam ilipata mgawo wa maji kina cha Mto Ruvu kiliposhuka. Ukame ulikuwa ndio chanzo kikubwa, lakini Ruvu hupata maji yake kutoka safu za Uluguru, na kila msitu unaoondoka katika miteremko ile huufanya mto uwe mwepesi wa kufurika masika na mwepesi wa kukauka kiangazi. Magomeni hupika kwa msitu na hunywa kwa msitu. Anayelinda chanzo kile hafanyi kazi ya hisani; anatoa huduma inayostahili malipo.

Msaada unaotakiwa, kwa hiyo, si gunia la unga la siku ya njaa. Kwanza, upimaji wa misitu ya vijiji na uandaaji wa mipango yake uingizwe katika bajeti za kawaida za Serikali na halmashauri, kwa idadi ya vijiji inayotajwa kila mwaka, ili wananchi waweze kuhoji idadi hiyo isipofikiwa. Pili, kanuni zisomwe upya pamoja na sheria mama, na kijiji chenye mpango uliokwisha kupitishwa kiruhusiwe kuuza mazao yake kwa kibali kimoja. Tatu, sehemu ya mrabaha na ada zinazokusanywa na Wakala wa Huduma za Misitu katika misitu ya Serikali irudi, kwa kiwango kinachojulikana, kwa vijiji vinavyoilinda misitu hiyo. Mkataba wa kulinda pamoja usio na mgawo ni kibarua bila ujira. Nne, fedha za kuendeleza nishati safi ziwe na fungu la vijiji vinavyopoteza soko la mkaa: mizinga ya nyuki, miche ya miti ya kupanda, na mikopo kwa vikundi. Tano, gunia lipimwe kwa mizani kuanzia kijijini hadi sokoni, na kilemba kikomeshwe.

Utekelezaji wa hayo haumo mikononi mwa mawaziri peke yao. Afisa mipango wa wilaya anayekata fungu la misitu kwanza kila bajeti inapopungua, mwanasheria wa halmashauri anayekalia sheria ndogo za kijiji kwa miezi, na bwana misitu anayekwenda kijijini siku ya kukamata tu, wote hao wanaamua hatima ya msitu kuliko hotuba yoyote. Mwalimu naye ana nafasi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampeni ya Misitu ni Mali iliwafikia watu wazima kwa redio na kwa madarasa ya vikundi, na walimu walikuwa mstari wa mbele. Leo mwalimu wa kijiji chenye msitu anaweza kuwafundisha watoto hesabu kwa kutumia mapato halisi ya kijiji chao, yaliyobandikwa ukutani kwa mtendaji. Mtoto anayejua kuusoma ubao huo hatadanganywa akiwa mtu mzima.

Kaulimbiu ile ya zamani ilisema kweli: misitu ni mali. Kilichobaki bila kujibiwa ni mali hiyo ni ya nani. Duru-Haitemba ilijibu, na Kilosa na Kilwa zikajibu. Sasa ni zamu ya ofisi, na jibu lake litaonekana siku ambayo gunia litaondoka kijijini kuelekea Magomeni likiwa na uzito wake halisi, na stakabadhi ya kijiji mkononi mwa dereva.